Paka na Mtoto Mchanga Chini ya Paa Moja: Mwongozo wa Kuwalinda Wote Wawili

Mimba ikishajulikana, paka wa nyumbani naye huanza kuwekwa kikaoni. Mmoja anasema apelekwe kwa watu, mwingine anasema paka huvuta pumzi ya mtoto aliyelala, wa tatu anasema manyoya yake yataleta pumu. Mjamzito anasikiliza yote hayo, na mara nyingi paka anaishia kutupwa mbali na nyumbani bila mtu kueleza hatari hasa ni ipi.

Tuanze na hiyo ya pumzi, maana ndiyo inayotisha kuliko zote. Paka havuti pumzi ya mtu. Anachofuata ni joto. Mwili wake una joto la nyuzi 38 hadi 39 hivi, juu kidogo ya letu, na sehemu kubwa ya siku yake huenda katika kutafuta mahali pa kujikunja pasipompotezea joto hilo. Kitanda cha mtoto kina kila anachokitaka: nguo laini, mwili wenye joto, na kuta pande zote za kumkinga. Sasa fikiria mtoto wa wiki mbili, ambaye bado hawezi kuigeuza shingo yake atakavyo wala kusukuma kitu kilichomwelemea usoni. Paka wa kilo nne akijinyoosha kando ya pua yake, hata kwa upendo mtupu, mtoto hana la kufanya. Hatari kubwa ya paka kwa kichanga ndiyo hiyo, na haihitaji paka mkorofi. Paka mpole ndiye atakayesogea karibu zaidi.

Kwa hiyo mwongozo huu unahusu zaidi milango, vyumba na ratiba kuliko tabia ya paka. Mzazi aliyeamshwa mara nne usiku hawezi kuyategemea macho yake. Atasinzia, na ana haki ya kusinzia. Mlango uliofungwa hausinzii. Ukiweza, anza maandalizi miezi mitatu au minne kabla ya kujifungua.

Hatua ya 1: Mpeleke paka kwa daktari wa mifugo

Fanya hivi kabla ya jambo lingine lolote. Hakikisha ana chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka huanza kuchanjwa akiwa na miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kadiri aina ya chanjo inavyotaka. Apewe dawa ya minyoo, kwa kuwa mayai ya minyoo hutoka na kinyesi chake na baadaye hukaa udongoni na sakafuni. Akaguliwe ngozi, hasa kama ana mabaka yaliyopukutika manyoya, maana choa huhama kwa urahisi kutoka kwa paka kwenda kwa mtu.

Viroboto nao si kero ya paka peke yake. Kuna bakteria anayeitwa Bartonella henselae anayeishi kwenye kinyesi cha viroboto. Paka akijikuna, uchafu ule hubaki kwenye kucha, na akimparura mtu unaingia moja kwa moja kwenye jeraha. Ukiwamaliza viroboto, umeukata ugonjwa huo kwenye mzizi. Ila chunga sana dawa unayotumia: dawa za viroboto za mbwa zenye permethrini humuua paka. Ini lake halina uwezo wa kuvunja kemikali hiyo, na hata tone la kipimo cha mbwa linaweza kumletea mitetemeko na degedege. Soma kibandiko, na ukiona imeandikwa ya mbwa, iache.

Kama paka hajahasiwa au hajafungwa uzazi, huu ndio wakati wake. Dume asiyehasiwa hupiga mkojo kwenye makochi na mapazia kuweka alama, na hutoka nje kupigana na kurudi na vidonda. Jike hubeba mimba kwa wiki tisa hivi, na akinyonyesha huwa mkali kwa yeyote anayewasogelea watoto wake. Nyumba haihitaji wazazi wapya wawili kwa wakati mmoja.

Na tafadhali, usilete mtoto wa paka katika miezi hii. Najua anavutia, na watu hupenda kusema watakua pamoja. Lakini paka mdogo anang'ata na kuparura anapocheza kwa sababu bado hajajua kipimo, na ndiye mwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba kimelea ninachokizungumzia hapa chini. Paka mzima unayemjua tayari ni salama zaidi.

Hatua ya 2: Kazi ya kusafisha mchanga wa paka impate mtu mwingine

Hapa pana hofu nyingi na maelezo machache. Kimelea kinachosababisha hofu hiyo kinaitwa Toxoplasma gondii, na ugonjwa wake ni toksoplasmosi. Paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi. Baada ya kuambukizwa mara ya kwanza, hutoa mayai ya kimelea hicho kwenye kinyesi kwa muda wa wiki moja hadi tatu hivi, na kwa paka wengi hilo hutokea mara moja tu maishani. Paka wa miaka sita asiyetoka nje na anayekula chakula kilichopikwa au cha kopo ana nafasi ndogo sana ya kukuambukiza leo.

Jambo la pili linalosaidia: mayai hayo yakitoka hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji siku moja hadi tano kukomaa. Kinyesi kikizolewa kila siku bila kukosa, sehemu kubwa ya hatari huondoka nacho kabla haijawa hatari. Kumpapasa paka si njia ya kawaida ya kuambukizwa. Njia ambazo watu wengi huzisahau ni nyama isiyoiva vizuri, mboga na matunda yasiyooshwa, na udongo wa bustani ambao paka wa mtaa mzima huutumia kama choo. Mjamzito anayemfukuza paka wake huku akiendelea kula nyama iliyoiva nusu amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Maambukizi yanayotisha ni yale ya mara ya kwanza yanayompata mama akiwa mjamzito, kwa sababu kimelea kinaweza kupita kwenye kondo la nyuma na kudhuru macho na ubongo wa mtoto, au kusababisha mimba kutoka. Mama aliyewahi kuambukizwa muda mrefu kabla ya mimba kwa kawaida ana kinga tayari. Kipo kipimo cha damu. Uliza kliniki unakohudhuria.

Basi katika miezi yote ya ujauzito, baba, ndugu au mtu mwingine wa nyumbani ndiye asafishe sanduku la mchanga ambalo paka hujisaidia humo, kila siku, kisha aoshe mikono kwa sabuni. Kama unaishi peke yako, vaa glavu, zoa kila siku, usitimue vumbi, na osha mikono hata kama ulivaa glavu. Glavu hizohizo ni muhimu ukilima bustani. Paka naye asilishwe nyama mbichi.

Ukishajifungua unaweza kurudia kazi hiyo, mradi mikono inaoshwa. Kumnyonyesha mtoto hakuzuiwi na kuwa na paka ndani.

Hatua ya 3: Ihamishe nyumba kidogo kidogo

Paka ni mnyama wa mahali na saa. Ukimhamishia sanduku lake, ukamfungia chumba alichozoea kulala, ukamletea kiumbe anayelia usiku, na aliyekuwa akimlisha akatoweka siku tatu hospitalini, yote ndani ya wiki moja, ataonyesha kwa njia zake kwamba hajapenda. Mara nyingi ataonyesha kwa kukojoa kwenye nguo za mtoto. Watu huita wivu. Ni mnyama aliyepoteza mpangilio wote kwa mkupuo.

Kwa hiyo badilisha jambo moja, mwache alizoee, kisha endelea na jingine.

Chumba atakacholala mtoto kifungwe sasa, miezi kabla, ili paka akizoee kama mahali asipoingia. Nimesikia ushauri wa kumwacha alale kwenye kitanda kipya cha mtoto hadi siku ya kujifungua ili azoee harufu. Siukubali hata kidogo. Paka akilala mahali kwa wiki sita, pale ni pake, na siku utakayomweka mtoto hapo yeye atakuja kulala na mgeni wake. Kitanda cha mtoto kikiunganishwa mapema na huna namna ya kufunga mlango, kijaze chupa tupu za plastiki hadi pasiwe na sehemu bapa ya kujikunja, uzitoe mtoto anapokaribia kuzaliwa.

Sanduku la mchanga likihitaji kuhama, lisogeze hatua moja au mbili kila siku hadi lifike unakotaka. Liwe mahali tulivu, penye njia ya kutoka, mbali na chakula chake. Kama mna paka zaidi ya mmoja, weka masanduku yanayozidi idadi ya paka kwa moja.

Kisha mpe mahali pa juu: rafu imara, juu ya kabati, au kiti kirefu kilichowekwa kitambaa. Paka aliye na mahali pa kupanda hukimbilia huko anapochoka na kelele, na asiye na mahali hubaki chini akijitetea kwa kucha. Mahali hapo pawe pake kabisa. Mtoto mkubwa wa nyumba, kama yupo, afundishwe kwamba paka akiwa huko hasumbuliwi.

Kazi ya kumlisha ihamie kwa mtu atakayeweza kuiendeleza baada ya mtoto kuzaliwa. Saa za kucheza naye zipungue taratibu ikiwa unajua zitapungua, lakini zisiishe. Dakika kumi za kukimbiza kamba kila jioni, watu wazima wakiishika, humtoa nguvu ambazo vinginevyo atazitumia usiku.

Wanaoishi chumba kimoja huniambia yote haya hayawahusu kwa sababu hawana mlango wa kufunga. Yanawahusu, ila kwa njia nyingine. Tafuta tundu kubwa la waya, la kutosha kuweka kitanda chake, maji na sanduku dogo la mchanga. Lifunike upande mmoja kwa shuka. Kwa wiki kadhaa mlishe chakula chake cha usiku humo mlango ukiwa wazi, kisha funga kwa dakika chache, kisha nusu saa, hadi alale humo usiku mzima bila kulalamika. Kama kuna jiko au bafu lenye mlango, hilo ni bora zaidi. Cha msingi ni kwamba kila usiku, na kila mtoto anapolala mchana, paka ana mahali pake penye mlango.

Hatua ya 4: Mzoeshe sauti na harufu

Rekodi kilio cha kichanga kwenye simu na umpigie paka kwa sauti ya chini sana wakati anakula au anachezewa. Ongeza sauti siku hadi siku. Akiinua kichwa na kurudi kwenye sahani yake, uko mahali pazuri. Akikimbia kujificha, umekwenda haraka; shusha sauti na uanze upya. Anza pia kutumia sabuni na mafuta utakayompaka mtoto, ili harufu zile zisiwe ngeni siku yenyewe.

Hatua ya 5: Kucha

Mshike paka akiwa na usingizi, mgongo wake ukielekea tumboni kwako. Shika kidole kimoja cha mguu wa mbele, bonyeza taratibu kwenye nyama ya chini na ya juu, na kucha itachomoza. Itazame kwenye mwanga: ncha ni nyeupe inayopitisha mwanga, na ndani zaidi kuna sehemu ya waridi. Hiyo ya waridi ina mshipa wa damu na maumivu. Kata ncha tu, ile inayopinda kama ndoano, na uache nafasi. Ukimaliza kucha mbili akaanza kuvuta mguu, mwachilie, mpe kitu kitamu, mengine kesho. Rudia kila wiki mbili au tatu, na umwekee gogo au kamba ya mkonge ya kuparura.

Usikubali kucha zing'olewe. Upasuaji huo hukata mfupa wa mwisho wa kila kidole, na paka aliyenyang'anywa kucha hubaki na meno.

Hatua ya 6: Siku ya kurudi nyumbani

Mama akiwa bado hospitali, mtu alete nyumbani kofia au kitambaa alichovaa mtoto, akiweke sakafuni karibu na mahali paka anapokula. Asimpake usoni. Paka akinusa na kuendelea na safari zake, ameshapokea taarifa.

Siku ya kufika, mtu mwingine ambebe mtoto na mama aingie kwanza, mikono mitupu, amsalimie paka. Amemkosa kwa siku kadhaa, na salamu hiyo inamtuliza. Siku hiyo wageni huwa wengi; ni vyema paka afungiwe chumba chenye maji, chakula na mchanga hadi nyumba itulie.

Utambulisho wenyewe uwe baadaye, kukiwa kimya. Mama akae, mtoto akiwa mapajani amefunikwa vizuri, mtu mzima wa pili akiwa karibu. Paka aje mwenyewe. Mruhusu anuse miguu, si uso wala mikono. Ongea naye kwa sauti ya kawaida. Akigeuka na kuondoka, mwache aende, hata kama hakufika. Usimshike paka mikononi na kumsogeza kwa mtoto: paka aliyebanwa akishtuliwa na kilio atajinasua kwa kucha za nyuma, na aliye mbele yake ni mtoto.

Akifoka au kurudisha masikio nyuma, usimpige wala kumfokea. Kufoka ni onyo, na paka anayeadhibiwa kwa kuonya hujifunza kuruka hatua hiyo. Ongeza umbali, jaribu kesho.

Hatua ya 7: Usingizi

Kama utafuata sehemu moja tu ya mwongozo huu, iwe hii. Mtoto na paka hawalali pamoja, na hawaachwi peke yao chumba kimoja, hata kwa muda wa kwenda kuzima jiko.

Mtoto alale chali, kwenye godoro gumu na bapa, bila mito, bila wanasesere, bila blanketi zilizolegea, kwenye kitanda chake ndani ya chumba cha wazazi kwa angalau miezi sita ya kwanza. Hayo ni ya kila mtoto, awe na paka au la. Kwenu mnaongeza moja: kabla ya mtoto kuwekwa chini, paka aonekane kwa macho akiwa nje ya chumba. Usiulize "paka yuko wapi?" ukajibiwa "nadhani jikoni". Mwone. Paka hulala chini ya kitanda, nyuma ya pazia, ndani ya kabati lililoachwa wazi, kwenye kapu la nguo zilizotoka kuanuliwa. Mwone, funga mlango, ndipo mlaze mtoto. Ukifuata mpangilio huo kila mara, baada ya wiki mikono itaufanya yenyewe hata ukiwa na usingizi.

Chandarua ni kwa ajili ya mbu. Hakimzuii paka. Paka akiruka juu yake, kitambaa kinabonyea kama machela na kushuka, pamoja na uzito wake, hadi usoni mwa mtoto. Tumia chandarua, kichomeke vizuri chini ya godoro, lakini usikihesabu kama ulinzi dhidi ya paka. Hata zile neti zinazouzwa kwa kazi hiyo ya kuzuia paka zina udhaifu huohuo, na zikilegea mtoto anaweza kunasa humo.

Mambo mengi huharibika mchana kuliko usiku. Usiku kila mtu anakumbuka mlango. Mchana mtoto anasinzia kwenye kiti chake cha kubembea sebuleni, mama anasema acha nioge haraka, na paka anaamka juu ya kabati. Kama unatoka chumbani, mmoja wao atoke nawe. Vilevile mama anayenyonyesha kwenye kochi huku akipepesa macho: kulala na mtoto kwenye kochi ni hatari tayari, na paka akipanda mapajani hatari inaongezeka. Ukihisi usingizi unakushinda, mpe mtu mtoto au mrudishe kitandani kwake.

Paka atalia mlangoni siku za mwanzo. Mlishe na ucheze naye kabla ya kulala, kisha usifungue. Ukifungua usiku wa tatu kwa kumhurumia, umemfundisha kwamba inatakiwa kulia siku tatu. Ukanda wa shingoni wenye kengele ndogo husaidia kumsikia anapokaribia. Uwe wa aina inayofunguka yenyewe ukivutwa, asije akajinyonga.

Hatua ya 8: Usafi wa kila siku

Osha mikono baada ya kumshika paka na kabla ya kumshika mtoto. Mfute mtoto mdomo na shingo baada ya kunyonya, kwa sababu harufu ya maziwa humwita paka. Asimlambe mtoto uso wala mikono, na kwa vyovyote asikaribie kitovu ambacho bado hakijakauka na kudondoka, jambo linalochukua wiki moja hadi tatu. Chupa na chuchu zake zikishachemshwa zifunikwe. Mkeka au shuka la kumlazia mtoto chini likunjwe likiwa halitumiki. Angalia ndani ya mashine ya kufulia kabla ya kuiwasha, paka asije akawa amelala humo.

Kuhusu manyoya na pumu: kinachowasumbua wenye mzio ni protini iliyo kwenye mate na ngozi ya paka, ambayo hukauka na kusambaa hewani na kwenye vitambaa. Fagia kwa kitambaa chenye unyevu, fua matandiko, piga brashi paka nje. Mtoto akionyesha kupumua kwa mluzi, kukohoa kusikokwisha au vipele, mpeleke hospitali na umweleze daktari kwamba nyumbani kuna paka.

Hatua ya 9: Paka naye alindwe

Nyumba yenye kichanga hujaa vitu vinavyomdhuru paka, na hili husahaulika kabisa. Parasetamoli, hiyohiyo anayopewa mtoto akipata homa, ni sumu kali kwake. Kipimo kidogo tu kinaweza kumuua. Usimpe kamwe, na chupa isiachwe wazi. Maua ya yungiyungi yanayoletwa kumpongeza mama huharibu figo za paka, hata chavua yake tu ikimdondokea na akaramba manyoya. Pokea maua kwa shukrani na uyaweke nyumba nyingine. Krimu za nepi zenye oksidi ya zinki, matone ya vitamini D, na mafuta ya mkaratusi yanayopakwa kifuani, vyote vikae kabatini. Dawa za kusafishia zenye fenoli, hasa zile zinazogeuza maji kuwa meupe, zisitumike mahali anapokanyaga, maana atajiramba miguu. Chuchu za mpira na kamba za vinyago akizimeza zinaweza kumziba utumbo.

Dalili kwamba paka ameelemewa

Anajificha siku nzima. Anajiramba hadi ngozi inaonekana. Anapiga mkia huku na huku mtoto anapolia, mboni zimetanuka, masikio yamelala. Anakojoa nje ya sanduku. Haya yakianza, punguza nyakati anazokutana na mtoto, ongeza muda wake wa peke yake na wewe, na kagua kama sanduku lake bado ni safi, maana wiki za mwanzo hilo ndilo huachwa.

Mawili hayasubiri. Paka aliyekataa chakula zaidi ya siku nzima apelekwe kwa daktari, kwa kuwa ini lake huanza kudhurika mapema. Na dume anayeingia sandukuni mara kwa mara, anakaza, na mkojo hautoki au unatoka tone, ameziba njia ya mkojo. Apelekwe siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Akimparura au kumng'ata mtoto

Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Ni muda mrefu kuliko unavyodhani; tazama saa. Usipake chumvi, majivu wala dawa ya meno, na usilifunge likabana. Kisha nenda hospitali, hata kama ni tundu dogo kama la sindano. Meno ya paka ni membamba na huingia ndani, yakiacha bakteria chini ya ngozi iliyojifunga juu, na uvimbe unaweza kuanza ndani ya saa chache. Kwa mtoto aliye chini ya miezi mitatu hakuna jino la paka la kusubiri kesho, na homa ya nyuzi 38 au zaidi katika umri huo ni dharura yenyewe.

Beba kadi ya chanjo ya paka. Daktari ndiye atakayeamua kuhusu chanjo za kichaa cha mbwa na pepopunda. Paka mwenyewe asiuawe wala kufukuzwa: afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, kwa sababu afya yake katika siku hizo inamsaidia daktari kujua mtoto anahitaji nini. Kama aliyeng'ata ni paka wa nje usiyemjua, usipoteze muda kumtafuta. Nenda.

Mtoto anapoanza kutambaa

Miezi ya kwanza paka ndiye anayemfuata mtoto. Baada ya miezi sita au nane mambo yanageuka: mtoto ndiye anayemfuata paka, kwa mikono inayokamata mkia bila kuachia. Kabla hajaanza kutambaa, sanduku la mchanga na sahani ya chakula vihamie anapofika paka lakini hafiki mtoto, kwa mfano nyuma ya kizuizi cha mlangoni chenye nafasi ya paka kupenya, au juu ya meza. Njia za paka za kupandia rafu yake ziachwe wazi.

Unapomwonyesha mtoto kumshika paka, shika mkono wake, ukunjue vidole viwe bapa, na upitishe kiganja mgongoni kutoka shingoni kuelekea mkiani, mara mbili tatu, kisha mwondoe. Tumbo na mkia viachwe. Paka anayekula, aliyelala au aliye sandukuni haguswi. Na wewe kaa chini sakafuni, katikati yao, mkono mmoja ukiwa tayari.